Maswali ya Wasomaji: Kutoka Petroli hadi Betri Bustanini

Barua nyingi zilizoifikia safu hii karibuni zinahusu jambo moja. Wasomaji wanataka kuachana na mashine za bustani zinazotumia petroli na kuhamia zile za betri, lakini hawajui waanzie wapi wala wamwamini nani. Tumechagua barua saba, na zile zilizofanana tumeziunganisha. Atakayesoma majibu yetu ataona kwamba tunarudi mara kwa mara kwenye betri kuliko kwenye mashine zenyewe. Tumefanya hivyo kwa makusudi, kwani mnunuzi wa vifaa hivi kwa kweli ananunua betri, na mashine ni kitu cha kuichomekea.

Swali: Ndugu Mhariri, ninazo mashine mbili za petroli, moja ya kusukuma ya kukatia nyasi na nyingine ya kufyekea, ya kubeba begani. Zikikaa miezi miwili bila kutumika hazikubali kuwaka. Huvuta kamba hadi bega liume, kisha humwita fundi, naye kila mara husema kabureta imeziba. Ninafikiria kuziuza zote mbili na kununua seti nzima ya betri kwa mkupuo mmoja. Mnanishauri nini? — *Mchovu wa Kamba*

Jibu: Ndugu Mchovu, fundi wako anasema kweli. Petroli iliyoachwa ndani ya tangi kwa miezi kadhaa hupoteza sehemu zake nyepesi zinazoshika moto upesi, na kinachobaki hugeuka utando wa kunata unaoziba vijitundu vya kabureta, ambavyo vingine ni vyembamba kama ncha ya sindano. Petroli iliyotiwa ethanoli ina kasoro ya ziada, maana ethanoli hufyonza unyevu. Mashine ya betri haina kabureta, haina plagi, haina kamba ya kuvuta wala chujio la hewa. Unachomeka betri, unabonyeza kizuizi cha usalama na kifyatulio, nayo inazunguka, hata kama haijaguswa kwa nusu mwaka. Kwa mtu anayefanya kazi ya bustani kwa vipindi, faida hiyo peke yake inazishinda nyingi zinazotajwa katika matangazo.

Hata hivyo, hatukushauri uuze zote kwa mkupuo. Siku unaponunua mashine ya kwanza ya betri unakuwa umechagua pia aina ya betri utakayoishi nayo, kwa sababu betri ya kampuni moja kwa kawaida haiingii kwenye mashine ya kampuni nyingine. Zipo kampuni zilizojaribu kuuondoa ukuta huo: mwaka 2018 Metabo ya Ujerumani ilianzisha ushirika uitwao CAS, ambao wanachama wake hutumia betri ya namna moja, na mwaka 2020 ukaanzishwa mwingine, POWER FOR ALL, ambao Bosch na Gardena ni miongoni mwa wanachama wake. Lakini hata ndani ya kampuni moja unaweza kukuta betri za mafundi zisizoingiliana na zile za matumizi ya nyumbani. Kwa hiyo, kabla ya kulipia mashine ya kwanza, pitia orodha nzima ya vifaa vinavyopokea betri hiyo, ujiulize kama msumeno, kipulizio au mashine ya kupunguzia ua wa miti utakayoihitaji baadaye imo.

Anza na ile ya kufyekea. Injini yake huenda ni ya mipigo miwili, inayokunywa petroli iliyochanganywa na oili, kwa kawaida sehemu 50 za petroli kwa moja ya oili, yaani mililita 20 katika kila lita. Injini ya namna hiyo ina ila ya asili: mlango wa kuingizia mafuta na wa kutolea moshi huwa wazi kwa pamoja kwa kitambo kidogo, hivyo sehemu ya petroli hutoka nje bila kuungua, pamoja na oili. Ndiyo maana nguo za mfyekaji hunuka petroli hata kama hakumwaga tone. Mamlaka ya hewa safi ya jimbo la California, Marekani, ilikadiria kwamba kipulizio cha majani cha petroli cha kibiashara kikifanya kazi saa moja hutoa gesi zinazosababisha ukungu mchafu sawa na gari dogo jipya linaloendeshwa takribani kilomita 1,770. Ulinganisho huo, na hili wengi hulipuuza wanapounukuu, unahusu gesi za ukungu huo tu, si hewa ya ukaa. Mwaka 2021 jimbo hilo lilipitisha sheria iliyopelekea injini ndogo mpya za bustani zitakiwe kutotoa moshi kabisa kuanzia zile za mwaka wa modeli 2024.

Ile ya kusukuma ina uwezekano mkubwa kuwa na injini ya mipigo minne, ambayo haina uchafu wa kiasi hicho. Itumie hadi itakapodai matengenezo makubwa. Wakati huohuo, kila unapomaliza kazi na unajua hutairudia karibuni, funga bomba la petroli na uiache injini iungurume hadi izime yenyewe, ili kabureta ibaki tupu. Huenda ukaona fundi wako anapungua kuja.

Swali: Dukani nimeoneshwa mashine mbili za kufyekea. Moja imeandikwa volti 18, nyingine volti 20. Muuzaji anasema ya 20 ina nguvu zaidi. Jirani yake anauza ya volti 40 na ananiambia hizo nyingine ni za kuchezea. Nimfuate nani? — *Msomaji aliyechanganyikiwa*

Jibu: Wa kwanza amekosea, na wa pili ametia chumvi. Betri hizi zimeundwa kwa seli za lithiamu-ioni zilizopangwa na kuunganishwa ndani ya kasha la plastiki. Seli moja ina wastani wa volti 3.6 inapofanya kazi, lakini ikijaa hufika zaidi ya 4. Panga seli tano mfululizo: ukihesabu kwa wastani unapata volti 18, na ukihesabu kwa volti 4 kila seli unapata 20. Betri ni ileile, na hesabu imeanzia mahali tofauti kwa sababu namba kubwa huuza. Vivyo hivyo volti 36 na volti 40 ni seli kumi mfululizo, na ile inayouzwa kwa jina la volti 56 ina seli 14, ambazo wastani wake ni takribani volti 50.

Namba unayopaswa kuitafuta ni wati-saa, ambayo ndiyo akiba halisi ya nishati iliyomo. Mara nyingi imechapishwa kwa herufi ndogo nyuma ya betri kama Wh, kwa sababu wasafirishaji huidai. Mashirika ya ndege, kwa mfano, kwa kawaida huruhusu abiria kubeba betri isiyozidi Wh 100 bila kibali maalumu. Usipoiona, zidisha volti za wastani kwa ampea-saa (Ah), yaani kipimo cha mkondo ambao betri inaweza kuutoa kwa saa nzima. Betri ya volti 18 yenye ampea-saa 5 ina wati-saa 90. Betri ya volti 36 yenye ampea-saa 2.5 nayo ina wati-saa 90, kwa hiyo yeyote atakayekuuzia ya pili kwa madai kwamba inadumu maradufu atakuwa amekupa kitu kilekile katika kasha jingine.

Je, volti nyingi hazina maana basi? Zinayo, kwenye kazi nzito. Tuseme mashine inahitaji wati 720. Kwa volti 18 lazima ivute ampea 40, na kwa volti 36 inavuta 20 tu. Joto linalopotea katika waya huongezeka kwa mraba wa mkondo, kwa hiyo katika waya uleule mkondo ukipungua nusu, joto linabaki robo. Hii ndiyo sababu misumeno mikubwa na mashine za kusukuma hujengwa kwa volti 36 na kuendelea, au huchomekwa betri mbili za 18 zinazofanya kazi kwa mfululizo. Ukinunua ya betri mbili, zitumie zenye ukubwa sawa na zilizojaa sawa, kwani moja ikiishiwa mashine nzima inasimama.

Kwa matumizi yako, sahau kwanza namba ya volti na ufikirie dakika. Chukua betri ya wati-saa 90. Mashine ya kupunguzia ua wa miti ikivuta wati 150, betri hiyo inatosha kwa zaidi ya nusu saa. Mashine ya kufyekea ya uzi ikivuta 250, unapata kama dakika 20. Kipulizio cha majani kikibanwa hadi mwisho na kuvuta wati 700, betri inakwisha kabla ya dakika nane. Kipulizio ndicho mlafi kuliko vifaa vyote vya bustani, na wengi wanaorudi dukani wakilalamika kwamba betri ni mbovu walianza na hicho. Kwa majani makavu juu ya sakafu, kasi ya kati inatosha. Kasi ya mwisho iache kwa majani yaliyolowa.

Jambo moja zaidi kuhusu ampea-saa, kwani watu hudhani betri ndogo hutofautiana na kubwa kwa muda tu. Betri ya volti 18 yenye ampea-saa 2 kwa kawaida ina safu moja ya seli tano. Ile ya ampea-saa 5 mara nyingi ina safu mbili, hivyo kila seli hubeba nusu ya mzigo. Ukiichomeka ile ndogo kwenye mashine nzito, itapata moto, volti zake zitashuka, na saketi ya ulinzi itaizima ikiwa bado ina chaji. Mtumiaji husema mashine haina nguvu, kumbe ameilisha betri isiyolingana nayo.

Swali: Eneo langu ni kubwa na nyasi hufika magotini. Nimeambiwa betri haiwezi. Ni kweli? — *Mwenye Kiwanja*

Jibu: Nusu ya habari hiyo ni kweli. Lita moja ya petroli hubeba nishati ya takribani kilowati-saa 9. Betri nzuri ya wati-saa 180 ina sehemu moja kati ya hamsini ya hizo. Injini ndogo hupoteza sehemu kubwa kama joto na kelele, na tukiikadiria kwa ukarimu hugeuza moja ya tano kuwa mzunguko, ilhali mota ya umeme isiyo na brashi hugeuza zaidi ya asilimia 80. Baada ya makato hayo yote, lita moja bado inafanya kazi ya betri kumi hivi. Anayefyeka kutwa nzima, mbali na umeme, ana haki ya kubaki na petroli, na hatutamlaumu.

Lakini nyasi za magotini, kama si eneo la hekari kadhaa, zinakatika kwa betri ukibadilisha namna ya kukata. Pandisha kisu hadi juu kabisa, upite mara ya kwanza ukichukua nusu tu ya upana wa mashine, kisha siku chache baadaye ukiteremshe na upite tena. Baada ya hapo shika kanuni ya watunza bustani ya kutokata zaidi ya theluthi moja ya urefu wa jani kwa mara moja. Nyasi zenye umande au mvua huganda chini ya sitaha ya mashine, yaani kifuniko cha kisu, na kumeza chaji bila faida, kwa hiyo subiri zikauke.

Kisha angalia kisu. Kwenye mashine ya petroli, kisu butu hufichwa na injini inayolazimisha, lakini kwenye betri utakilipia kwa dakika. Siku inayofuata baada ya kukata, inama uchume jani moja na ulitazame ncha. Kisu kikali huacha ncha iliyonyooka na ya kijani. Kisu butu huacha ncha iliyochanikachanika, yenye nyuzi nyeupe zinazogeuka kahawia, na ukiwa mbali unaona uwanja wote umepauka. Chomoa betri, fungua kisu, kinoe kwa tupa kufuata mteremko wake wa awali, kisha kitundike kwenye msumari kupitia tundu lake la kati. Upande unaoinama ni mzito. Uendelee kuunoa mpaka kisu kikae sawa. Kisu kisicho na uwiano hutikisa mashine na kuchosha beringi za mota.

Swali: Umeme wetu hukatika mara kwa mara. Ninaweza kuchaji kwa sola au jenereta?

Jibu: Unaweza, na kwa urahisi kuliko unavyodhani. Kuijaza betri ya wati-saa 180 hutumia kiasi cha moja ya tano ya yuniti ya umeme, pamoja na upotevu wa ndani ya chaja. Soma wati zilizoandikwa kwenye chaja, si kwenye betri, kisha hakikisha inveta yako inazimudu na kubaki na nafasi. Inveta itoe mkondo safi, yaani wenye mawimbi laini kama wa umeme wa kawaida, kwani chaja nyingi huungua au hukataa kufanya kazi zikipewa mkondo wa ngazi wa inveta za bei nafuu. Mwenye paneli za wati 200 na jua la kutosha atajaza betri hiyo katika muda usiozidi asubuhi moja. Kuwasha jenereta kwa ajili ya chaja peke yake ni kurudi kwenye petroli kwa mlango wa nyuma. Ngoja iwashwe kwa kazi nyingine ndipo uchomeke.

Swali: Mimi ni mzee mstaafu ambaye hupenda kutunza vitu. Niliinunua mashine ya betri, nikaitumia msimu mmoja, kisha nikaiacha betri juu ya chaja katika banda la bati ili niikute imejaa. Nilipokuwa nikiitumia nilihakikisha ninaimaliza kabisa kabla ya kuichaji, kama nilivyofundishwa zamani. Sasa inafanya kazi nusu ya muda wake wa mwanzo. Nyingine ndogo niliyoisahau ikiwa tupu haichaji kabisa. Nimekosea wapi, wanangu?

Jibu: Shikamoo, mzee wetu. Mafundisho uliyopewa yalikuwa sahihi kwa betri za wakati ule. Zile za nikeli-kadimiamu zilikuwa na tabia ya kuzoea kuchajiwa katikati, na kuzimaliza kulikuwa na maana. Lithiamu-ioni haina tabia hiyo. Inapenda kuchajiwa kidogo kidogo, wakati wowote, na kumalizwa kabisa kila mara huichosha. Ukiona mashine imeanza kulegea, simama hapo na uchaji. Hakuna haja ya kukamua taa ya mwisho.

Kosa kubwa zaidi lilikuwa banda la bati. Joto na chaji kamili vikikutana kwa muda mrefu, kemikali zilizo ndani ya seli hujila polepole hata kama hakuna mtu anayeigusa betri, na uwezo unaopotea namna hiyo haurudi. Chini ya bati wakati wa jua kali joto hupita lile la nje kwa mbali, sawa na ndani ya gari lililofungwa vioo. Betri usiyoitarajia kuitumia kwa wiki kadhaa iondoe kwenye chaja, iache na chaji ya nusu hivi, yaani taa mbili kati ya nne, na uiweke ndani ya nyumba mahali pakavu penye baridi ya kiasi, mbali na vitu vinavyoshika moto. Kila baada ya miezi mitatu itazame. Ikishuka hadi taa moja, iongeze kidogo. Ukijua kesho una kazi, ijaze leo jioni.

Utaona pia kwamba ukiitoa betri kwenye mashine ikiwa moto na kuichomeka mara moja, taa ya chaja huwaka kwa namna isiyo ya kawaida na haianzi kuchaji. Si ubovu. Ndani ya betri kuna kipima joto kinachoizuia chaja mpaka seli zipoe, na kusubiri huko ndiko kunakoirefusha maisha. Wanaoishi kwenye baridi kali nao wana mpaka wao: chini ya nyuzi sifuri za Selsiasi betri hizi hazipaswi kuchajiwa, kwa kuwa lithiamu huganda kama metali juu ya moja ya ncha za ndani badala ya kuingia mahali pake.

Hiyo ndogo iliyokataa ilikaa tupu mno. Betri hujipunguza yenyewe, na saketi yake nayo hula kidogo kidogo, hadi volti zikashuka chini ya kiwango ambacho chaja inakubali. Utasikia vijana wakijitolea kuiamsha kwa kuiunganisha kwa nyaya na betri nyingine iliyojaa. Tafadhali usikubali. Katika seli iliyoshuka hivyo, shaba ya ndani huweza kuyeyuka na kujijenga upya mahali pasipofaa, na seli ikapata shoti ya ndani inapochajiwa. Betri iliyoamshwa kwa nguvu inaweza kufanya kazi wiki nzima na kuwaka moto usiku mmoja ikiwa juu ya chaja.

Swali: Betri ya akiba kutoka kwa mtengenezaji ni ghali kupita kiasi. Nimepata nyingine isiyo na jina, yenye umbo lilelile, imeandikwa volti 18 na ampea-saa 9, kwa sehemu ndogo ya bei hiyo. Ninunue?

Jibu: Ipime kwanza kwa mizani ya jikoni. Seli inayotumika sana ni ile iitwayo 18650, yenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65. Uzito wake ni kati ya gramu 45 na 50, na zile bora kabisa hubeba takribani ampea-saa 3.5. Kasha lenye seli kumi za namna hiyo, safu mbili za tano, haliwezi kuvuka ampea-saa 7 kwa namna yoyote. Kuzifikia 9 lazima ziwepo seli 15, au seli kumi za aina kubwa zaidi iitwayo 21700, na kwa vyovyote seli peke yake zitakaribia gramu 700, kabla ya plastiki na saketi. Betri yako ikiwa na uzito wa nusu kilo, maandishi yake ni uongo, na aliyeudanganya ukubwa hana sababu ya kuwa mkweli kuhusu ulinzi wa ndani.

Ulinzi huo ndio tunaouogopea zaidi. Betri halali ina saketi inayotazama joto, inayozima mkondo ukizidi, na mara nyingi inayofuatilia volti za seli ili mojawapo isijazwe kupita kiasi. Katika nyingi za bandia tulizoziona zikifunguliwa, kipima joto hakipo, na mahali pake pamewekwa kizuizi kidogo cha umeme kinachoidanganya chaja kwamba kila kitu ni baridi. Mtengenezaji wa mashine pia anaweza kukataa dhamana akigundua umeitumia. Afadhali ununue betri moja halali kubwa na kupanga kazi kwa awamu, ukichaji unapopumzika, kuliko kuwa na tatu za kutiliwa shaka.

Na ikitokea betri yoyote, halali au bandia, imevimba, inatoa harufu tamu ya kemikali, imepasuka au imeanguka ndani ya maji, usiichaji tena. Itoe nje, uiweke mbali na kuta na majani makavu, uzibe ncha zake za chuma kwa utepe wa plastiki, kisha uipeleke kwa muuzaji au kituo kinachopokea betri chakavu. Usiitupe kwenye pipa la taka, kwa sababu ikibanwa ndani ya lori la taka seli hupasuka na kuwaka.

Swali: Mume wangu amenunua msumeno wa mnyororo wa betri. Anasema hauna kelele, hivyo haihitaji vifunika masikio, na kwamba ni salama kuliko wa petroli. Nina wasiwasi kwa sababu ya watoto. — *Mama wa watatu*

Jibu: Mama, wasiwasi wako una msingi. Kelele yake ni ndogo kuliko ya petroli, lakini misumeno mingi ya betri bado hupita desibeli 85 masikioni mwa anayeishika. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, huweka 85 kama kikomo cha saa nane kwa siku, na kila desibeli tatu zinazoongezeka hukata muda huo nusu: kwa 94 ni saa moja tu, kwa 100 ni dakika 15. Avae vifunika masikio, miwani ya kinga, glavu, viatu vigumu na suruali ya kinga ya msumeno. Mnyororo hauulizi unazungushwa na nini.

Kuhusu usalama, msumeno wa betri una hatari moja ambayo ule wa petroli hauna. Injini ya petroli huunguruma hata mnyororo ukiwa umesimama, na kila aliye karibu anajua kuwa kifaa kiko hai. Wa betri hukaa kimya kabisa, kisha hufikia kasi kamili mara tu kifyatulio kinapobonyezwa. Mtoto anayeukuta juu ya meza hana dalili yoyote ya kumwonya. Kwa hiyo betri itolewe kila anapoweka msumeno chini, hata kama ni kwa kunywa maji tu, na ihifadhiwe chumba tofauti na msumeno wenyewe, juu, mahali ambapo mikono midogo haifiki.

Betri itolewe pia kabla ya kukaza mnyororo, kuunoa au kutoa kipande cha gome kilichokwama. Mwambie vilevile asisahau oili ya mnyororo, maana wenye misumeno ya betri wengi hudhani wameachana na oili zote. Tangi lile dogo la ubavuni ni lazima lijazwe, la sivyo mnyororo utaunguza bamba lake, yaani chuma kirefu unachozungukia, na kuimaliza betri katika magogo mawili. Na asikate kwa robo ya juu ya ncha ya bamba, kwani hapo ndipo msumeno hurushwa kuelekea usoni. Kabla ya kuanza, aujaribu mkono wa breki ulio mbele ya mpini: ausukume mbele, abonyeze kifyatulio, na mnyororo usizunguke. Ukizunguka, msumeno urudishwe dukani kabla haujagusa mti wowote.